Ufagio wa Taisto Huuskonen

Aprili, nje ya Kuopio. Theluji imebaki vivulini tu,
chafu, imekunjamana kama shuka la mgonjwa.
Nimetumwa na kampuni itakayojenga hapa
nyumba thelathini na mbili, barabara, na taa zake.
Kazi yangu ni kupiga magoti.

Napiga magoti chini ya mti ambao majani yake,
yakishachipua, hutetemeka hata pasipo upepo.
Wenyeji huuita haapa.
Natafuta mavi. Nisiwafiche:
mavi ya kindi arukaye, ya manjano,
madogo kama punje za mchele,
ndiyo barua pekee anayotuandikia.
Mwenyewe humwoni. Hutoka usiku,
hujitandaza kama leso iliyoponyoka kambani,
huelea toka shina hadi shina,
macho meusi, makubwa kuliko haja ya uso wake.

Ukiikuta punje moja, ramani inabadilika.
Usipoikuta, buldoza linawashwa.

Mti wa kwanza: hakuna.
Nikaandika, hakuna.
Wa pili, wa tatu.
Kwenye wa nne nikaacha kuandika.

Chini yake palikuwa safi.
Si usafi wa msitu, maana msitu haujui usafi:
huangusha, huozesha, hulala juu ya takataka zake
na kuamka umenenepa.
Hapa jani la mwaka jana halikuwepo.
Ukoga wa mizizini ulikuwa umekwanguliwa,
na udongoni mistari myembamba, sambamba,
kama uani kwa watu wanaongoja posa.

Msitu haujifagii.

Njia ya mwongo ni fupi.
Hii ilikuwa hatua arobaini,
hadi banda la kuni,
ambako Taisto Huuskonen, miaka sabini na tisa,
alinisubiri na chupa ya kahawa, vikombe viwili,
mkate mweusi uliokatwa vipande vinene.
"Umepata?" akauliza, akimimina,
macho yake kwenye kahawa.
Nikasema bado.
Akasema paa linavuja.
Akasema lipo deni la zizi,
zizi lenyewe halina ng'ombe mwaka wa kumi na moja huu.
Akasema bintiye, kule Oulu,
hataki shamba hili hata kwenye picha.
Sikuwa nimemuuliza lolote.

Nyuma yake, ukutani, ufagio wa vijiti.
Katikati ya vijiti, punje tatu.
Manjano.
Aligeuka kuona ninachokiona.
Tukazitazama pamoja, kimya,
kama watu wawili waliofungua barua isiyo yao.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa:
"Saa nne na nusu usiku hupita juu ya choo.
Jike. Mwaka jana alikuwa na watoto watatu.
Marehemu Kerttu alimwita Mpangaji,
kwa kuwa hajawahi kulipa kodi."

Akacheka. Halafu akaacha,
akachukua kikombe changu kilichojaa bado
akakimwaga kwenye theluji.

Nilitoa kibano na bahasha.
Punje moja ilitosha; nikachukua zote tatu.
Fomu ina kisanduku: mahali ilipopatikana.
Kidogo, upana wa kidole gumba.
Haieneī humo banda, wala ufagio,
wala mtu mwenye paa linalovuja
anayeinama chini ya miti kumi na moja, na goti lile,
kufuta nyayo za mpangaji wa mkewe.

Sasa ni usiku. Nimekaa garini, injini imezimwa,
kisanduku bado kitupu magotini.
Paa la choo naliona vizuri mno:
taa ya ukumbini inalimulika lote.
Saa nne na dakika ishirini na sita
mlango unafunguka.
Taisto anatoka na soksi tu.
Hatazami nilipo.
Anapapasa ukutani,
anaizima taa.